Bei ya Kusikilizwa: Safari Yangu ya Kwanza Kakamega

Kakamega niliijua kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho. Niliijua kwa mpira: Kakamega School na vijana wake wa Green Commandos, timu ya Homeboyz, na mashabiki wa AFC Leopards wanaoifuata Ingwe yao hadi Mombasa na ngoma za isukuti. Niliijua pia kupitia dada yangu aliyeolewa Khayega, ambaye kila akija Pwani huja na habari za mvua isiyokatika. Kufika, sikuwahi kufika. Kilichonipeleka ni simu yake ya usiku: mwanawe wa kwanza amekamatwa, analala seli, na kesho anapelekwa kortini.

"Kaka, njoo," alisema. "Huku kila mtu anataja pesa, na mimi sijui ni pesa za nini."

Kwetu mjomba ndiye anayeitwa siku kama hiyo. Kesho yake jioni nilikuwa ndani ya basi la Kisumu. Tulipita Voi gizani, Nairobi kukipambazuka, tukateremka Bonde la Ufa, tukapanda tena kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Kisumu nikashuka, nikaingia matatu ya Kakamega, mwendo wa kilomita 50 hivi. Ukiliacha bonde la Kisumu barabara inapanda, na mara unajikuta katikati ya majabali makubwa yaliyobebana. Hapo ni Vihiga. Nyumba zimeingia hata baina ya mawe, na sikuona kipande cha ardhi kisicho na mgomba, mahindi au majani ya ng'ombe. Mbale, Chavakali, Khayega. Kabla ya kuingia mjini, pale Ilesi, abiria wa kando yangu alininyooshea kidole lile jiwe maarufu linalolia, nguzo ya mwamba yenye jabali kichwani na maji yakichuruzika ubavuni. Nililitazama kwa upesi tu. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa kijana.

Nilipofika alikuwa amekwisha kusomewa mashtaka na kuyakana. Alikuwa karani wa ghala katika duka la vifaa vya ujenzi. Hesabu ya mabati na saruji haikulingana na vitabu, na mwenye duka akaenda polisi. Shtaka likawa kuiba akiwa mtumishi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 281, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 7 kwa kosa hilo. Hakimu alimpa dhamana, lakini siku ile dada hakuwa na pesa taslimu, kwa hiyo kijana akapandishwa gari la magereza na kupelekwa rumande.

Dada alinipokea stendi akiwa na shemeji yangu, mzee wa maneno machache aliyenisalimu "mulembe" na kunishika mkono kwa muda mrefu. Tulikaa kwenye mkahawa tukaagiza chai. Nikamwomba dada anitajie pesa zote alizotajiwa, moja baada ya nyingine. Alikuwa amezikusanya kichwani zote kuwa fungu moja: laki mbili na ushee. Nilipomuuliza ndani ya laki mbili hizo mna nini, hakuweza kujibu, na si kosa lake. Hakuna aliyemwambia. Askari alitaja dhamana, jirani akataja wakili, mtu mwingine kortini akataja "pesa ya faili", na zote zikaingia kapu moja la hofu.

Basi tukaanza kuzitenganisha palepale mezani, na kwa mtu yeyote ambaye jamaa yake amekamatwa leo, hapa ndipo pa kuanzia. Dhamana si malipo ya mtu yeyote. Ibara ya 49 ya Katiba inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti yanayofaa, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuia. Pesa taslimu zinazowekwa ni amana mikononi mwa Mahakama. Kesi ikiisha, ameshinda au ameshindwa, mradi alifika kila alipotakiwa, pesa zinarudi kwa aliyeziweka. Kwa hiyo risiti iandikwe jina la mwenye pesa, na risiti hiyo itunzwe pamoja na hati ya shamba. Pesa za dhamana zikipitia kwenye simu ya mtu wa tatu na kulipwa kwa jina lake, kuzirudisha ni kesi nyingine.

Tulilipa dhamana wenyewe, tukachukua risiti. Laki mbili za dada zikapungua mara moja, kwa sababu sehemu yake kubwa ilikuwa hiyo amana. Kijana alitoka rumande siku iliyofuata, amekonda usoni, akanikumbatia bila kusema neno.

Kwenye ukumbi wa mahakama, tulipokuwa tukingojea karatasi zake, alitujia mtu mwenye tai na faili kwapani. Aliijua kesi yetu kwa nambari. Akasema tumpe elfu hamsini ataimaliza "kwa simu moja". Nilimuuliza kama yeye ni wakili, akajibu kwamba "anafanya kazi na mawakili". Watu wa namna hii hawakosekani penye watu wenye hofu. Wakili wa kweli nchini Kenya ana cheti cha kufanya kazi kinachotolewa upya kila mwaka na kuisha tarehe 31 Desemba, na jina lake hupatikana kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK. Ni kazi ya dakika moja kwenye simu. Na hata aliye na cheti, akikuuzia hukumu badala ya kazi, mkimbie: anakuingiza kwenye kosa la rushwa ukiwa umekuja kumtoa mwanao kwenye kosa la wizi.

Wakili tuliyemwendea tulielekezwa na mwalimu mmoja wa kanisa la shemeji. Alikuwa mama wa makamo, ofisi yake juu ya duka la dawa, ngazi nyembamba, kuta zimejaa mafaili mpaka darini. Shemeji hakungoja kukalishwa vizuri.

"Wakili, ni pesa ngapi?"

"Mzee, naomba kwanza niione karatasi ya mashtaka."

Aliisoma yote, kisha akageuza upande wa pili akasoma orodha ya mashahidi. Akauliza kama tumepewa maelezo yao ya maandishi. Tulikuwa hatuna. Akatueleza kwamba Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuuona mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia, na kwamba mpaka ausome, bei yoyote atakayotaja ya kuiendesha kesi hadi mwisho itakuwa ya kubahatisha. Angeweza kututajia siku hiyo bei ya kusoma faili na kutushauri. Bei ya kesi nzima ingesubiri.

Hilo lilinipa imani naye kuliko vyeti vyake ukutani. Kesi yenye mashahidi watatu na kesi yenye mashahidi kumi na wawili, hata kama shtaka ni moja na adhabu ni moja, ni kazi mbili tofauti kabisa. Anayekutajia bei ya kesi nzima kabla ya kujua mashahidi ni wangapi, ama ameongeza sana ili asipate hasara, ama amepunguza ili akunase, na katikati ya njia atakwambia pesa zimeisha.

Tuliporudi kwake na maelezo ya mashahidi, alichukua karatasi nyeupe akachora mstari mrefu na kuweka vituo. Kituo cha kwanza, kujibu mashtaka na dhamana. Hicho tulikuwa tumekipita. Cha pili, maandalizi: kusoma ushahidi, kuzungumza na kiongozi wa mashtaka, kuona kama kuna njia ya kuimaliza kesi mapema. Cha tatu ndicho kirefu, kusikilizwa, pale upande wa mashtaka unapoleta mashahidi wake na wakili kuwahoji mmoja mmoja. Wakimaliza, hakimu anaamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Kama hana, anaachiliwa hapohapo kwa kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Kama anayo, unafuata utetezi, hoja za mwisho, hukumu, na akipatikana na hatia, maombi ya kupunguziwa adhabu. Baada ya hapo ni rufaa, ambayo kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu, na muda wa kuikata ni siku 14 tu.

Shemeji aliutazama ule mstari kwa makini. Kisha akaweka kidole mwanzoni mwake akauliza swali ambalo ningependa kila Mkenya anayeingia ofisi ya wakili alijue kwa moyo.

"Wakili, pesa hiyo inatufikisha wapi?"

Ni swali tunalomuuliza kondakta kila siku. Nauli niliyolipa Kisumu ilikuwa ya Kakamega. Ningetaka kuendelea hadi Malava au Webuye ningelipa tena, na hakuna ambaye angesema ameibiwa. Ugomvi mwingi baina ya wakili na mteja huzaliwa hapa. Familia inaamini imelipa mpaka hukumu, wakili anaamini amelipwa mpaka dhamana, na hakuna aliyeandika popote.

Yule mama akajibu bila kukasirika. Malipo ya wakili katika kesi ya jinai, alisema, kwa kawaida yana sehemu mbili, na mara nyingine tatu. Kuna ada ya kuichukua kesi: kupokea maelezo yako, kufungua faili, kusoma, kufikiri. Kuna ada ya kila siku anayosimama mbele ya hakimu. Halafu kuna gharama zinazotoka mfukoni kwa ajili ya kesi yenyewe: nakala, safari, na ikibidi mtaalamu. Katika kesi yetu mtaalamu angekuwa mhasibu wa kuvipitia vile vitabu vya ghala, na yeye ana bei yake.

Akatupa mfano, akasisitiza kwamba ni wa kufundishia tu. Tuseme wakili anataka shilingi 60,000 kuichukua kesi na 10,000 kwa kila siku ya mahakama, na kesi ikachukua siku 12. Hizo ni 180,000. Kama amesajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani, ongeza asilimia 16, yaani 28,800, jumla 208,800. Wakili wa pili anasema atachukua 150,000 kwa kesi nzima. Pamoja na kodi ni 174,000. Wa pili anaonekana nafuu. Lakini kesi ikiisha baada ya siku tatu kwa sababu mlalamishi ameacha kuja, kwa wakili wa kwanza utakuwa umelipa 90,000 kabla ya kodi, na kwa wa pili utakuwa umelipa zote, isipokuwa makubaliano yaseme sehemu fulani itarudishwa. Tena ikirefuka hadi siku 25, wa kwanza atakuwa amekumaliza, na wa pili huenda akaanza kuchoka na kesi yako. Hakuna mpango ulio bora kwa kila kesi. Kuna maswali ya kuuliza.

Mojawapo ni kuahirishwa. Yeyote aliyewahi kuketi katika mahakama zetu anajua jinsi siku inavyopotea: shahidi hakufika, faili la polisi halipo, hakimu yuko likizo. Wakili ameacha kazi nyingine, amevaa, amekuja, ameketi tangu saa tatu, na saa tano anaambiwa kesi imesongezwa miezi miwili mbele. Je, siku hiyo inalipiwa? Nusu? Bure? Mama huyu alitutoza sehemu tu ya ada kwa siku zilizoahirishwa, na hakutoza chochote kama yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iahirishwe. Wengine hutoza yote. Wote wana haki, mradi mteja ameambiwa mapema.

Jambo jingine sikuwa nimelisikia maishani, na ndilo linalofanya kesi za jinai Kenya kuwa ghali bila mtu kutarajia. Mahakimu huhamishwa. Kesi ikiwa katikati na hakimu akahamishwa, anayempokea lazima amweleze mshtakiwa, kwa kifungu cha 200 cha sheria ileile ya mwenendo, kwamba anaweza kudai mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe na kusikilizwa upya. Ni haki nzuri, kwa maana anayekuhukumu anapaswa kuwa amemwona shahidi usoni. Lakini ni haki inayolipiwa. Siku sita zilizokwisha kulipiwa zinaweza kuwa sifuri.

Shemeji alisikiliza yote haya, kisha akasema hataki kutia sahihi karatasi yoyote. Nilishangaa, kwa sababu karatasi ndiyo ingemlinda. Alinieleza jioni, tukiwa tumeketi Muliro Gardens. Ukoo wake una kumbukumbu ya mgodi wa Rosterman. Dhahabu ilipovuta wachimbaji Wazungu hapa Kakamega kuanzia 1931, wenyeji walikuwa na sheria ya 1930 iliyowaahidi kwamba ardhi yao ikichukuliwa watapewa nyingine badala yake. Desemba 1932 sheria hiyo ikabadilishwa ili ardhi ya kuchimba iweze kuchukuliwa kwa fidia ya pesa, bila ardhi nyingine. Na katika mahakama za wenyeji za wakati huo wakili hakuruhusiwa kusimama. Karatasi ilikuja, ardhi ikaenda. Wazee walirithisha onyo.

Sikubishana na kumbukumbu hiyo. Ina haki yake. Nilimkumbusha tu kwamba barabara ileile iliyonileta, ukiifuata kaskazini kupita Webuye, inakufikisha Kitale na kisha Kapenguria. Huko ndiko serikali ya kikoloni ilikopeleka kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano, kuanzia Desemba 1952 hadi hukumu ya tarehe 8 Aprili 1953. Mahali palichaguliwa kwa umbali wake. Wakili D. N. Pritt alitoka Uingereza, wengine walitoka hadi India na Nigeria, wakajiunga na mawakili wa Nairobi, na kwa kuwa Kapenguria hapakuwa na pa kulala wakawa wanakaa Kitale na kusafiri kwenda na kurudi. Kila maili ilikuwa gharama, na waliopanga kesi ifanyike huko walilijua hilo. Washtakiwa walifungwa hata hivyo. Lakini maswali ya Pritt kwa mashahidi yaliandikwa kwenye kumbukumbu za kesi, na baadaye, mwaka 1958, shahidi mkuu Rawson Macharia alipokiri kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, palikuwa na maandishi ya kurejea.

Asubuhi iliyofuata tuliketi sote ndani ya mahakama kuona kesi za watu wengine. Ningemshauri kila mwenye kesi afanye hivyo kabla ya kulipa. Alisimama mtu mzima, nadhani wa miaka hamsini, hana wakili, ameshtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Mkalimani alisimama kando yake, naye halipiwi na mshtakiwa. Katiba inasema hivyo. Shahidi alipomaliza kueleza jinsi alivyoitambua pampu yake ya maji, hakimu akamgeukia mshtakiwa kwa upole.

"Una swali kwa shahidi?"

"Mheshimiwa, huyu anadanganya."

"Hilo ni jambo la kusema katika utetezi wako. Je, una swali?"

Mtu yule alitazama chini, akatazama juu, akasema, "Mheshimiwa, pampu ni yangu." Hakimu akasubiri kidogo. Kisha akaandika kwamba hakuna swali, na shahidi akashuka.

Wakili wetu alituambia nje maswali ambayo yeye angeuliza. Pampu ina nambari gani? Nambari hiyo uliiandika wapi kabla haijaibwa? Risiti iko wapi? Ziko pampu ngapi za aina hiyo sokoni? Maswali manne mafupi. Hicho ndicho pesa ya wakili inachonunua katika kesi inayosikilizwa: mtu anayejua nini cha kuuliza, lini, na lini kunyamaza. Shemeji hakusema kitu, lakini mchana huo aliuliza karatasi ya mkataba iko wapi.

Hapa ni lazima niseme juu ya wasio na ng'ombe wa kuuza. Ibara ya 50 inasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila hivyo kutatendeka dhuluma kubwa, na aambiwe haki hiyo mara moja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na kifungu chake cha 43 kinaitaka mahakama imweleze mshtakiwa asiye na wakili juu ya haki hii. Mwaka 2017, katika kesi ya Karisa Chengo iliyotoka kwetu Pwani, Mahakama ya Juu ilitaja ya kuangaliwa: uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kumlipa wakili, kama ni mtoto, kama anajua kusoma na kuandika, na ugumu wa shtaka. Kwa mauaji, ambayo husikilizwa Mahakama Kuu, desturi ya kumpangia mshtakiwa wakili wa kulipwa na serikali ni ya miaka mingi. Lakini aliyeshtakiwa wizi wa kutumia nguvu, kosa ambalo nalo sheria imeliwekea adhabu ya kifo, husikilizwa na hakimu, na kwa miaka mingi watu wa namna hiyo walisimama peke yao mpaka mwisho. Kwa maoni yangu hakuna doa kubwa kuliko hilo katika haki ya jinai ya nchi hii. Yule mtu wa pampu ya maji alistahili angalau kuulizwa.

Mkataba wetu ulikuwa wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, kwa sababu shemeji aliomba hivyo na wakili akakubali. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mawakili kinaruhusu wakili na mteja kukubaliana ada ya kesi ya jinai kabla, wakati au baada ya kesi, mradi makubaliano yawe kwa maandishi na mteja ametia sahihi. Mteja akiona baadaye kwamba bei ilikuwa ya kuumiza kupita kiasi, anaweza kwenda mahakamani kuomba mkataba ubatilishwe au urekebishwe, ndani ya mwaka mmoja tangu kuufanya, au miezi mitatu tangu kudaiwa kwa maandishi, muda ulio wa baadaye kati ya hiyo miwili. Pasipo mkataba, hesabu ya wakili inaweza kukaguliwa na afisa wa Mahakama Kuu. Na kifungu cha 46 hakiupi nguvu mkataba wa kulipwa tukishinda tu, au wa kulipwa zaidi tukishinda. Kwa hiyo yule anayesema "mtanilipa kijana akiachiliwa" anatoa ahadi ambayo sheria yenyewe imeikataa, hata kama kwa sikio la mama mwenye uchungu inasikika kama wema. Malalamiko dhidi ya wakili yana mlango wake pia, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na juu yake Mahakama ya Nidhamu ya mawakili.

Tulichagua kulipa kwa vituo. Ada ya kuichukua kesi kwanza, kisha ada ya kila siku inayosikilizwa kweli, kiasi kidogo kwa siku iliyoahirishwa, rufaa haimo. Kama kesi itaondolewa kabla ya shahidi wa kwanza, hatudaiwi zaidi. Kama hakimu atahamishwa, tutaketi tena tukubaliane. Kila malipo kwa M-Pesa, kwenye nambari ya ofisi, na risiti ya ofisi juu yake. Shemeji aliuza ndama wawili akabaki na ng'ombe wake wa maziwa. Ukoo ulichanga sehemu, nami nikaleta ya kwangu kutoka Pwani. Jioni hiyo Khayega tulikula ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, kijana akiwa kati yetu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike dada alilala usiku kucha.

Kesi bado inasikilizwa. Mashahidi wawili wamekwisha kuhojiwa, na mmoja wao alikubali kwamba funguo za ghala zilikuwa kwa watu zaidi ya mmoja. Mwisho wake siujui na wakili wetu hakuwahi kujifanya anaujua.

Ombi langu ni kwa wasimamizi wa mahakama na kwa Chama cha Mawakili. Katika kila ukumbi wa mahakama, Kakamega, Butali, Mumias, Butere na kwetu Shanzu, hubandikwa orodha ya kesi za siku. Bandikeni karatasi nyingine kando yake, kwa Kiswahili chepesi, ikisema mambo haya: dhamana ni amana na hurudishwa, mshtakiwa ana haki ya wakili, na asiye na uwezo aombe wa serikali, wakili halali anatambuliwa hivi, na malipo ya wakili yaandikwe, yakionyesha yanaifikisha kesi wapi. Ni karatasi moja, na gharama yake ni ya kuchapisha tu.

Na wewe unayesoma ukiwa na jamaa rumande: kabla hujatuma hata shilingi moja, uliza swali la shemeji yangu, na usiondoke ofisini bila jibu lililoandikwa.